Nchi ya Bakiri, Ukoo wa Ummi

Ukipeleka suruali kwa mume wangu ipunguzwe urefu, utasubiri robo saa, na katika robo saa hiyo utafundishwa nchi. Hutaulizwa kama unataka. Bakiri atapiga goti, ataubana upindo kwa pini, na akifika kifundoni atakuuliza kama unaijua Komoro. Ukisema huijui, umekwisha. Ukisema unaijua, atakuuliza ni visiwa vingapi, na wengi hukwama hapo.

Duka letu liko Jules Street, Malvern, upande wa mashariki wa Johannesburg. Chumba tumegawana na kinyozi Mkongo anayeitwa Lambert: cherehani mbili upande wetu, viti viwili vya kunyolea upande wake, na pazia katikati ambalo nimeliona limefungwa mara moja tu. Lambert amelisikia somo la Komoro kuliko binadamu yeyote, na haipiti wiki bila kumchokoza mwenzake.

"Bakiri, ile inchi yako iko wapi tena?" husema. "Miye nilitafuta mu carte ya dunia, nikaona tu mayi."

"Tazama kati ya Msumbiji na Bukini, hiyo mnayoiita Madagaska," Bakiri hujibu bila kuinua kichwa. "Ukiona vitone vinne usivipanguse. Ndiko kwetu."

Somo lenyewe ninalo lote kichwani. Visiwa ni vinne: Ngazidja, Nzwani, Mwali na Maore. Ngazidja, kisiwa cha Bakiri, ndicho kikubwa, na katikati yake kuna Karthala, mlima wa moto. Wanalima vanila, karafuu na mlangilangi. Watu wake ni Waislamu, na lugha yao ni jamaa ya Kiswahili, jamaa wa karibu lakini mkaidi. Mwaka 1975 visiwa vitatu vilijitoa kwa Mfaransa, Maore kikabaki naye mpaka leo. Hata hivyo bendera ina nyota nne. Akifika hapo Bakiri husimamisha cherehani hata kama mteja ana haraka, akainua vidole vinne na kusema, "Hatukupunguza."

Mimi ni Zabibu, mkewe, Msambaa wa Lushoto niliyekulia Tanga mjini. Tanga tuliwajua Wangazija kama watu wa vitabu, watu wa kanzu iliyopigwa pasi, wanaojibu swali kwa hadithi. Nilipomwona Bakiri mara ya kwanza, mwaka 2005, kwenye harusi ya watu wa Dar huko Mayfair, hapa hapa Johannesburg, nilimuuliza anatoka wapi kwa kupitisha muda tu. Chai yangu ilipoa mkononi. Mwaka uliofuata nikaolewa naye, kwa hiyo wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe.

Ameniambia kwamba alipokuwa kwao hakuwa Mkomoro hata siku moja. Alikuwa mtu wa mji wake, mji mdogo kusini mwa Ngazidja, na watu wa mji wa jirani aliwaona wageni. Alipokwenda Moroni, mji mkuu, kujifunza ushonaji akawa mtu wa kusini. Dar es Salaam wakamwita Mngazija. Ni hapa Johannesburg, mahali ambapo hakuna aliyewahi kuisikia Komoro, ndipo alipoipata nchi nzima na kuanza kuitetea. Ana rafiki mmoja Mnzwani, Jumbe, mlinzi wa jengo la ofisi Marshalltown. Wakikutana wawili hugombana kuhusu kisiwa kipi kimetawala zaidi, mpaka mate yanaruka. Lambert akichomeka neno tu kwamba nchi yenyewe ni ndogo, humgeukia wote wawili kama ndugu wa tumbo moja.

Kuna siku somo hilo lilitufaa. Mwaka 2015 mtaa ulipochafuka na wageni wakafukuzwa madukani, vijana watano walisimama mlangoni kwetu na fimbo. Mmoja akauliza, "Wewe umetoka wapi?" Mtu mwenye akili angetafuta jibu fupi. Bakiri akasema Komoro. Kijana akauliza Komoro ndiyo nini, na mume wangu, naapa kwa Mungu, akainua vidole vinne akaanza na Ngazidja. Nilikuwa nyuma ya cherehani nasoma kila dua niliyoijua. Alipofika kwenye vanila kijana akamtazama mwenzake, akasema, "Eish, malume, funga duka lako uende nyumbani." Tukafunga. Nilimgombeza njia nzima, nikalia, kisha nikacheka.

Malume kwa Kizulu ni mjomba, na mjomba ndiye Bakiri hasa. Kwao mjomba ndiye nguzo ya jamaa. Dada yake mkubwa, Mayasa, anakaa katika nyumba ya mama yao na binti zake wawili, na hakuna jambo la mabinti hao linalokatwa bila simu kupigwa Malvern. Nyumba yenyewe ni ya Mayasa. Huko nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huzaliwa katika nyumba ya mama yake, huoa akaenda katika nyumba ya mke wake, na akifukuzwa huondoka na sanduku lake. Aliponieleza hayo mara ya kwanza nilipiga makofi. Nikamwambia nchi yenu ina akili. Kumbe nilikuwa nashangilia mwiba utakaonichoma mwenyewe.

Mtoto wetu ni mmoja, Ummi, aliyezaliwa mwaka 2008. Kiswahili anakielewa chote, hasa kile tunachosema tukidhani haelewi, lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza, na akigombana hugombana kwa Kizulu. Mwezi wa Septemba 2018 shule yao ilikuwa inajiandaa kwa Siku ya Urithi. Kila mtoto alitakiwa aje Ijumaa na mavazi ya kwao, asimame mbele ya wazazi, ataje jina lake, nchi, na ukoo wake.

Jumatatu ya wiki ile Ummi alikuja dukani baada ya masomo na rafiki yake Zinhle. Bakiri alikuwa juu ya cherehani anashona bendera kwa ajili ya siku hiyo, kwa mkono wake, kwa sababu eti ile inayouzwa mjini ina buluu isiyo yenyewe. Pembetatu ya kijani ilikuwa tayari, mwezi umekaa, na nyota nne nyeupe zilikuwa mezani zikisubiri zamu.

Zinhle akasema amejiandaa. Akasimama katikati ya duka, akayatiririsha majina ya ukoo wake, babu baada ya babu, bila kupumua, mpaka Lambert akazima mashine ya kunyolea ili asikilize. Alipomaliza tukampigia makofi. Ummi akamgeukia baba yake.

"Na wetu sisi ni upi?"

Nilingoja somo. Niliweka hata mkasi chini, maana nilijua litachukua muda. Bakiri akaishika nyota moja, akaigeuza, akairudisha.

"Muulize mama yako," akasema.

Nikacheka. "Aniulize mimi tena? Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba. Msambaa yeyote atakwambia hivyo. Mtoto wa binti yetu ni mjukuu, tunampenda, lakini ukoo ni wa huko kwa baba yake. Mwambie ukoo wako."

"Kwetu ukoo ni wa mama," Bakiri akasema. "Tunauita inya. Hupita tumboni. Mimi ninao kwa sababu mama yangu alikuwa nao. Wangu mimi haushuki."

Hapo ndipo tulipotazamana. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na miwili. Muda wote huo mimi nilijua mwanangu ana ukoo, uko kwa baba yake. Yeye naye alijua mwanawe ana ukoo, uko kwa mama yake. Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa nani anauliza kama jua limechomoza? Tungekuwa Wasambaa wote wawili, au Wangazija wote wawili, mtoto angekuwa nao. Tulivyo, kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake.

"Kwa hiyo mimi sina," Ummi akasema. Alisema kwa Kiswahili, na hilo ndilo lililonichoma. Kisha akamshika Zinhle mkono wakatoka kwenda kiduka cha spaza kununua chipsi.

Sina subira, na sijawahi kujisifu kwamba ninayo. Nilimwambia Bakiri kila nililoweza. Nilimwambia amewafundisha Komoro wapita njia wote wa Malvern na binti yake amemwacha nje ya mlango. Yeye akajibu pole pole kwamba kwa sheria Ummi ni Mkomoro, pasipoti ni haki yake, baba anatosha.

"Pasipoti haikai ndani ya nyumba," nikasema. "Akienda mjini kwenu, ataingia nyumba ya nani?"

"Atapokewa. Ni mtoto wangu."

"Atapokewa kama mgeni."

Nikazichukua zile nyota mezani, nikatenga moja.

"Hii ni ipi? Maore? Kisiwa kimekaa kwa Mfaransa zaidi ya miaka arobaini, bado mnakishonea nyota. Hamkupunguza! Mwanangu yuko Malvern hapa, anakula chakula chako, na yeye mmeshampunguza?"

Lambert alifunga pazia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Bakiri akaichukua nyota mkononi mwangu. Mume wangu si mtu wa kupayuka, na siku ile hata kunitazama alishindwa. Akaishona ile nyota, akashona na nyingine tatu, akakunja bendera, akatoa simu na kumpigia dada yake.

"Kwezi," akasema. Ndivyo mdogo anavyomwamkia mkubwa kwao.

"Mbona," Mayasa akaitikia.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mayasa alikaa Unguja utotoni, Kiswahili anakijua vizuri, na nadhani alikitumia kusudi ili nimsikie. Bakiri akamweleza dada yake yote.

"Unalijua jibu," dada akasema. "Inya haipiti kwa mwanamume. Nisikuongopee." Kisha akasema, "Nipe mkeo."

Nikaisogelea simu.

"Zabibu, mimi nina binti wawili. Nikisema ninao watatu, nani atakuja kunihesabia? Nipe mtoto."

Nilidhani anataka apandishwe ndege.

"Akae huko huko na wewe," akasema, kana kwamba ameniona. "Nipe kwa kauli. Niseme mbele ya wanawake wa nyumba yetu kwamba Ummi ni mwanangu, basi atakuwa na inya yangu na chumba chake. Siku akija ataingia kwa mlango wa wanawake bila kubisha. Lakini sikia, mji wetu hauna nusu nusu. Akishaingia ataitwa Ummi wa Mayasa. Akiposwa, posa italetwa kwangu. Na sitaki kulisikia kwa Bakiri. Mtoto hutolewa na mama."

Nikamwambia nitafikiri. Nikakata simu bila hata kumuaga, utovu wa adabu ambao ungenifanya nifinywe na mama yangu.

Siku mbili zilizofuata nilikuwa mbaya kwa kila mtu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Ummi nilimzaa kwa saa kumi na tisa katika wodi ambayo hakuna aliyejua lugha yangu, Bakiri amezuiwa mlangoni. Sasa aje mwanamke ambaye hajamwosha hata mguu, aitwe mama yake? Nilimwonea wivu Mayasa wazi wazi, sitaficha. Niliuonea wivu hata mlango wake. Nilipima nguo vibaya, nikakata mkono wa shati ukawa mfupi, nikamlaumu mwenye mkono.

Lambert hakunyamaza, kwani lini alinyamaza? "Mama Ummi," akasema Jumatano mchana, "kwetu mutoto akikuwa na mama moja tu, tunamusikitikiaka."

Nikamwambia anyoe kichwa kilicho mbele yake.

Bakiri hakunisukuma, hakunibembeleza. Jambo la ajabu zaidi, wateja waliingia na kutoka siku mbili na hakuna aliyefundishwa visiwa. Mzee mmoja anayeleta makoti yake kila mwaka aliuliza kama fundi anaumwa.

Jumatano hiyo hiyo jioni, Ummi alikuwa anaoga, nami nilikuwa nakusanya vitabu vyake mezani. Nikaikuta kadi atakayoisoma Ijumaa. Ameandika jina lake juu. Nchi: Komoro. Visiwa: vinne. Chini yake ameandika neno ukoo, na mbele yake: hakuna. Hakulikwaruza wala hakuliandika kwa hasira. Alilipigia mstari kwa rula, kama alivyopigia mengine yote, kwa ule mwandiko wake mzuri. Alikuwa amekwisha kubali, siku mbili tu, na alikuwa tayari kusimama mbele ya watu kulisoma.

Niliketi. Nilichokuwa nimekishikilia kwa siku mbili kilikuwa jina la kuitwa mimi. Alichokosa yeye kilikuwa mahali pa kuingia bila kubisha. Nililia kidogo, nikajipangusa kwa ncha ya kanga kabla hajatoka bafuni.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua duka, nikampigia Mayasa mwenyewe.

"Kwezi, dada," nikasema. Sikuwahi kulitamka neno hilo.

"Mbona," akajibu, akangoja.

"Ummi ni wako."

Nilidhani ningekufa, nisife. Mayasa hakunishukuru, na nafurahi hakunishukuru. Alisema, "Nimempokea," kisha akageuka kuwaita watu kwa lugha yao, nikasikia mlango, nikasikia sauti za wanawake, wawili, watano, na vigelegele. Aliporudi akasema, "Chukua kalamu." Nikachukua daftari la vipimo. Akanitajia jina la inya, ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa lina wenyewe, kisha majina saba, kutoka kwake kwenda juu. Yote yalikuwa ya wanawake. Nikayaandika chini ya kiuno na mabega ya mteja wa Bedfordview.

Ijumaa tulikwenda shule sote watatu. Ummi alivaa shiromani, shuka jekundu la kujifunika mwilini, tuliloazima kwa mke wa Jumbe. Bakiri alikuwa amenung'unika tangu alfajiri kwamba shiromani ni la Wanzwani, si la Wangazija, nikamwambia leo avumilie, leo sisi ni nchi. Nilimpaka mtoto liwa usoni. Tukakaa kwenye viti vya plastiki uani, kati ya nyanya mmoja wa Kizulu, gogo kama wanavyosema hapa, aliyevaa shanga na familia ya Kimalawi.

Watoto walisoma mmoja mmoja. Zinhle akatiririka kama alivyotiririka dukani, akashangiliwa. Kisha akaja Ummi na bendera yake. Alisoma kwa Kiingereza, sauti haitetemeki.

"Jina langu ni Ummi Bakiri. Nchi ya baba yangu ni Komoro. Ukoo wangu ninao tangu jana."

Watu wakacheka. Akangoja wamalize.

"Kule ukoo hutoka kwa mama. Mama yangu ni Msambaa kutoka Tanzania, yeye hakuwa nao. Kwa hiyo alinitafutia mama wa pili ili niupate. Mama yangu yule pale, mwenye kitambaa cha kahawia." Akaninyoshea kidole mbele ya shule nzima. Kisha akayasoma majina saba, kuanzia Mayasa kwenda juu, akikosea mawili kwa lafudhi yake ya Malvern.

Niliwaza mengi ya kujibu siku mtu atakaponiuliza kwa nini nilimtoa mwanangu. Sikujua kwamba jibu lilikuwa kwake, tena fupi kiasi hicho.

Yule nyanya wa shanga akamwinamia Bakiri. "Komoro," akasema. "Ikuphi leyo ndawo?" Ni wapi hapo?

Miaka kumi na miwili nimeishi na mtu huyu na sikuwahi kuliona swali hilo likimpita. Bakiri alikuwa ameuziba uso kwa kofia yake, mabega yanamtikisika, na mkono mmoja umenishika goti. Nyanya alikuwa bado anangoja, ameinua nyusi.

Basi nikamgeukia mimi.

"Kwetu, Gogo, ni visiwa vinne," nikasema, nikainua vidole, kwa kuwa somo huanza hivyo.